Mlango wa gereji ya nyumbani: bajeti yake inaanzia kwenye tundu la ukuta

Ukiulizia mlango wa gereji Mwanjelwa, Mbeya, au Iringa mjini, bei unayotajiwa ni ya mlango tu. Ukuta wa kuubeba, kizingiti, usafiri, umeme, rangi na siku za fundi havimo. Ndiyo maana utakuta mlango mzuri umeegemezwa kwenye ua wa mtu tangu mwaka jana, unashika kutu taratibu, na mwenye nyumba anatafuta hela ya nguzo.

Mwongozo huu unaanza na tundu. Kutoka hapo tunakwenda kwenye ukuta, kisha uzito, na mlango wenyewe unachaguliwa baada ya hayo. Bei za shilingi hatuzitaji: chuma hupanda na kushuka ndani ya mwezi mmoja, na bei ya Mbeya mjini si ya Tukuyu wala ya Makete. Tunatoa idadi, vipimo na uzito. Andika idadi kwenye daftari, pita maduka matatu siku ileile, jaza bei mbele ya kila kitu. Hiyo ndiyo bajeti.

Pima tundu kabla ya kuongea na fundi yeyote

Upana pima sehemu tatu: juu, katikati na chini. Kimo nacho pima kushoto, katikati na kulia. Kipimo kidogo kuliko vyote ndicho cha kufanyia kazi. Kisha pima kona kwa kona, pande zote mbili. Tundu la mita 3.0 kwa 2.4 lililonyooka hutoa mita 3.84 kila upande. Tofauti ikizidi sentimita moja, tundu limepinda na dawa yake ni plasta. Usikubali fundi akuambie ataupindisha mlango ufuate ukuta; utafunga siku mbili za kwanza, ya tatu utaanza kukwaruza.

Gari nalo lipime. IST ina upana wa mita 1.7 hivi, Prado inakaribia mita 1.9, na hapo vioo vya pembeni havijahesabiwa. Tundu la mita 2.4 linapitisha Prado kwa roho juu, la mita 2.7 hadi 3.0 linapitisha bila presha. Kimo cha mita 2.1 kinatosha gari dogo, lakini mwenye keria juu ya gari aende mita 2.4.

Halafu toka nje uangalie njia ya gari. Hapa kwetu Nyanda za Juu Kusini viwanja vingi viko kwenye mteremko, na hili ndilo kosa linaloharibu bajeti nyingi. Bawa la mlango lenye upana wa mita 1.44 likifunguka kuelekea nje, na njia ikawa inapanda sentimita 10 kwa kila mita, ncha ya bawa itagonga ardhi kwa sentimita 14. Hapo una njia tatu: mlango ufunguke ndani, na upoteze nafasi, uchonge njia na kuimwaga upya, ambayo ni hela nyingine, au uchague mlango usiotumia nafasi ya mbele. Amua sasa, kwa sababu uamuzi huu unabadilisha kila namba inayofuata.

Mwisho, andika vipimo vitatu vya ndani: kutoka juu ya tundu hadi dari au kenchi, kutoka kingo za tundu hadi kuta za pembeni, na urefu wa gereji kwenda nyuma.

Ukuta utaubeba?

Nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe zimejengwa kwa tofali za kuchoma. Ni tofali zuri kwa ukuta wa kawaida, lakini kwenye kingo za mlango mzito lina udhaifu: boliti ya kupanuka ukiikaza, tofali linapasuka kwa ndani huku plasta ikiwa safi kabisa kwa nje. Hutajua. Baada ya miezi kadhaa bawa linaanza kuning'inia, bawaba ya juu inatoka na kipande cha ukuta.

Gonga kingo kwa nyundo ndogo. Mlio wa uwazi maana yake plasta imeachia. Toboa tundu moja la majaribio la milimita 10. Likitoa unga mwekundu mwepesi bila ukinzani, weka nguzo za zege kwenye bajeti, usibishane na nafsi yako.

Nguzo mbili za sentimita 23 kwa 23, kimo mita 2.4, kila moja juu ya kitako cha zege cha sentimita 60 kwa 60 chenye kina cha 30, zinakula jumla ya mita za ujazo 0.47 hivi. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko mitatu ya saruji ya kilo 50. Nunua minne ili ubaki na ya plasta ya kingo. Nondo ya milimita 12 huuzwa kwa urefu wa mita 12: ukiikata vipande vinne unapata mita 3 kila kimoja, zinazotosha nguzo moja pamoja na mkunjo wa kitakoni. Kwa hiyo nondo mbili, ongeza ringi za milimita 8 kila baada ya sentimita 20, waya wa kufungia na mbao za kufomea. Kabla ya kumwaga zege, mwambie fundi azike vipande vya chuma bapa vyenye miguu kwenye usawa wa kila bawaba, vitatu kila nguzo. Baadaye fremu itachomelewa pale moja kwa moja, bila boliti hata moja.

Zingatia kwamba nguzo hizo, zikisimama ndani ya tundu, zinapunguza upana kwa sentimita 46. Ama ukuta ukatwe kurudi nyuma, ama ukubali mlango mwembamba. Ukikata, angalia lenta, yaani boriti ya juu ya tundu: iwe inalala juu ya ukuta au nguzo si chini ya sentimita 20 kila upande. Lenta iliyoning'inia ni kazi ya fundi mwashi mzoefu, na kwa jengo jipya au badiliko kubwa uliza halmashauri kuhusu kibali kabla ya kugonga tofali la kwanza.

Zege huhesabiwa kufikia nguvu yake siku ya 28. Kwenye baridi ya Juni na Julai, hasa Njombe na Makete, linakomaa polepole zaidi. Limwagilie siku 7 angalau, na usitundike mlango kabla ya wiki mbili kupita. Fundi mwenye haraka atakwambia siku tatu zinatosha. Yeye harudi kurekebisha bure.

Chagua aina kwa nafasi uliyonayo

Mlango wa chuma wa mabawa mawili ndio wa bei nafuu kwa wengi wetu. Unatengenezwa karibu kila mtaa wenye fundi wa kuchomelea, vipuri vyake viko duka lolote la vifaa vya ujenzi, na ukiharibika haungoji kitu kutoka mbali. Udhaifu wake ni nafasi ya kufungukia, na upepo.

Wa kuteleza pembeni unataka ukuta mtupu upande mmoja wenye upana wa tundu lote na ziada kidogo. Kwa tundu la mita 3, ni mita 3.2 bila dirisha wala bomba njiani. Reli ikiwekwa chini, masika matope na kokoto zinaijaza; ining'inize juu, chini weka mwongozo mdogo tu.

Rola shata inajiviringisha juu, hivyo haidai nafasi ya mbele wala ya ndani, ila inataka sentimita 35 hadi 45 juu ya tundu kwa ajili ya boksi lake. Nyumba yenye lenta iliyokaribia dari haina nafasi hiyo, na kulisogeza boksi nje ni kulinyeshea mvua.

Ule wa paneli unaopanda na kulala chini ya dari ndio unaopendeza, na ndio wenye gharama nyingi zilizojificha. Unataka sentimita 30 au zaidi juu ya tundu, sentimita 10 hivi kila pembeni, na nyuma urefu wa kimo cha mlango na nusu mita juu yake. Ukiwa na mota ya umeme ya kuufungua, ongeza hadi mita nzima. Kwa mlango wa kimo cha mita 2.4 ni mita 3.4 za dari isiyo na taa, nguzo wala kenchi iliyoshuka. Springi zake huhesabiwa kwa mizunguko, na kiwango cha kawaida ni 10,000. Ukifungua na kufunga mara nne kwa siku, ni miaka 7 pungufu kidogo. Bei ya springi mpya na ya fundi anayezijua iandike leo, na kabla ya kulipa muulize muuzaji kama springi za mlango huo anaziweka dukani.

Mbao zinavutia, hasa ukiwa karibu na Mafinga ambako paini ya shamba la miti la Sao Hill inapasuliwa. Paini yenyewe haina shida ikiwa imekaushwa na kuwekwa dawa. Ikinunuliwa mbichi ikapigiliwa, kiangazi itaacha nyufa za kupitisha kidole na masika itavimba mpaka mlango ukwame. Isitoshe ni nzito: ubao wa milimita 25 ni kilo 12 hivi kwa mita ya mraba, wakati shiti ya chuma ya milimita 1.2 ni kilo 9.4. Ukitaka sura ya mbao, tumia mbao nyembamba juu ya fremu ya chuma, na hesabu ya bawaba uifanye upya.

Hesabu kamili ya mlango wa mabawa mawili

Tuchukue tundu la mita 3.0 kwa 2.4, kingo zimenyooka, fremu inakaa ndani ya tundu. Fremu ya skwea paipu (paipu ya mraba) ya milimita 50 kwa 50 inapunguza sentimita 5 kila upande na 5 juu, kwa hiyo uwazi unaobaki ni mita 2.90 kwa 2.35. Toa nafasi za kuchezea, kila bawa linakuwa mita 1.44 kwa 2.33.

Paipu huuzwa kwa urefu wa mita 6. Fremu inataka mbili za 50 kwa 50 zenye unene wa milimita 2: moja inatoa miguu miwili ya mita 2.4, nyingine inatoa kipande cha juu cha mita 3. Mabaki ya mita 3 usimwachie fundi. Yatafaa kwa komeo na vishikio.

Mabawa yanataka paipu sita za 40 kwa 40, unene milimita 1.5, zikikatwa hivi:

- paipu mbili kwa nguzo nne za mita 2.33
- moja kwa vipande vinne vya juu na chini vya mita 1.44
- moja kwa mikanda minne ya kati ya mita 1.36
- moja kwa mishazari miwili ya mita 2.63, ambayo itakatwakatwa kati ya mikanda
- moja kwa mihimili miwili ya wima ambapo shiti mbili zinakutana

Hiyo paipu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Shiti ina upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Bawa la mita 1.44 linazidi upana huo kwa sentimita 22, kwa hiyo kila bawa linahitaji shiti nzima na kipande kutoka shiti ya tatu, na maungio lazima yalale juu ya paipu. Jumla shiti tatu. Sasa angalia tundu la mita 2.5: bawa linakuwa mita 1.19, shiti moja inalifunika lote, unahitaji shiti mbili tu na ile paipu ya wima inafutika. Nusu mita ya upana inakugharimu shiti moja, paipu moja na kuchomelea zaidi. Kama ukuta haujajengwa na gari lako si pana, hapo ndipo pa kubana matumizi. Mahali pa kubana si kwenye unene wa chuma.

Uzito: bawa moja lina mita 15 za paipu, kilo 27 hivi, na shiti ya milimita 1.2, yaani geji 18, kilo 32. Ongeza komeo na bawaba, ni kilo 60 na kidogo. Ukienda geji 16, yaani milimita 1.5, unaongeza kilo 8 kila bawa. Kwa uzito huo weka bawaba tatu nene za kuchomelea kila bawa, jumla sita, zile zenye tundu la grisi. Bawaba za milango ya chumba zitakatika.

Vinginevyo: makomeo ya wima manne, mawili juu na mawili chini, komeo la katikati la kufuli au kitasa, ndoano mbili za kushikilia mabawa yakiwa wazi, pakiti moja ya rodi za kuchomelea za milimita 2.5, diski tano za kukatia na moja ya kusagia. Eneo la kupaka rangi, mbele na nyuma pamoja na fremu, ni mita za mraba 16 hivi. Lita moja hufunika mita za mraba 10, kwa hiyo lita 2 za red oksaidi, rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, kwa mkono mmoja, galoni ya lita 4 ya rangi ya mafuta kwa mikono miwili, na lita 2 za tina ya kuzimulia rangi.

Upepo uuhesabu pia. Makambako na Njombe upepo si mgeni, na hata Mbeya Agosti unajua kusukuma. Upepo wa kilomita 72 kwa saa, kwenye miinuko yetu ambako hewa ni nyepesi kidogo kuliko pwani, unasukuma mlango wa mita za mraba 7.2 kwa nguvu inayolingana na kilo 145 hivi. Komeo moja la katikati haliwezi hilo. Ndiyo sababu ya yale manne ya wima. Ndoano za kushikilia mabawa zinaokoa gari: bawa la kilo 60 likirudishwa na upepo wakati unatoka, linakunja mlango wa gari.

Dukani: venia na mizani

Paipu nyingi zinazouzwa kama milimita 2 hazifiki hapo. Muuzaji hasemi uongo wote, anasema tu "ni ya mbili, bosi". Beba venia, kifaa cha kupimia unene, pima ncha ya paipu mahali pasipo na makunyanzi ya kukatwa. Huna venia? Pima uzito. Paipu ya 50 kwa 50 ya mita 6 yenye milimita 2 kamili ina kilo 17 na nusu hivi; ya milimita 1.5 ina kilo 13 na nusu. Shiti ya milimita 1.2 ina kilo 28, ya 1.5 ina kilo 35. Tofauti ya kilo 4 kwenye paipu moja hata mkono unaihisi.

Angalia pia kama paipu imenyooka kwa kuchungulia toka ncha moja, na kama ndani kuna kutu ya unga. Dai risiti ya EFD, na uliza mapema kama bei uliyotajiwa ina VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 18. Maduka mawili yanaweza kukupa bei zinazotofautiana kumbe moja haijajumlisha kodi.

Usafiri wa ndani ya mji ni kirikuu au guta. Paipu za mita 6 hazikai kwenye kirikuu bila kuning'inia, kwa hiyo mwombe muuzaji azikate kwa vipimo vyako kama ana mashine. Unaokoa gari na diski. Mlango wa paneli au rola shata ukiagizwa Dar es Salaam unasafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, 500 hivi hadi Iringa. Paneli zilizolazwa chini ya mizigo mingine hufika na mabonde. Lipia kreti ya mbao, andika kwenye risiti ya usafirishaji kwamba ni kitu cha kuvunjika, na ufungue mbele ya wahusika wa gari kabla ya kusaini kwamba umepokea.

Fundi, na hela yake

Kuna mikataba ya aina mbili: kazi ya mkono, ambapo vifaa unanunua mwenyewe, na kazi na vifaa. Kwa mtu aliyeandaa orodha kama ya hapo juu, kazi ya mkono ni salama zaidi. Ukichukua ya pili, mkataba uandike unene wa paipu na geji ya shiti, si "mlango imara".

Kulinganisha bei za mafundi, gawa kila bei kwa mita za mraba za tundu, hapa 7.2, kisha uliza: rangi imo? usafiri toka karakana? kutundika? umeme wa kuchomelea wa nani? Hili la umeme lina maana. Mashine ya kuchomelea inavuta kilowati 3 hadi 5 inapowaka. Saa mbili za cheche ni uniti 6 hadi 10 za LUKU yako, na nyaya nyembamba za nyumba zinaweza kuungua. Kazi kubwa ifanyike karakana, nyumbani iwe kutundika tu.

Mabawa mawili kwa fundi na msaidizi ni siku mbili hadi tatu za karakana na moja ya kutundika. Malipo yagawe: asilimia 30 akianza, 40 ukienda karakana ukakuta mabawa yamesimama kabla ya rangi, 20 mlango ukitundikwa, na 10 baada ya mwezi. Hiyo 10 ndiyo inayomrudisha fundi bawa likishuka. Andikeni kwenye karatasi, pawe na shahidi. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, watu wengi hujenga na mafundi huwa wamebanwa. Masika wana nafasi na bei inazungumzika, ila rangi na zege vinasumbuliwa na mvua.

Cha kukagua karakana na siku ya kutundika

Nenda kabla ya rangi. Rangi inaficha kila kitu.

Shiti iwe imechomelewa vipande vya sentimita 3, kila baada ya sentimita 15 hadi 20, kwa kuruka huku na huku. Aliyechomelea mstari mmoja mfululizo ameipa joto shiti mpaka imejikunja mawimbi, na mawimbi hayo hayatoki. Mshazari uanzie kona ya chini upande wa bawaba, ukipanda hadi kona ya juu upande wa kufungua. Hapo unabeba uzito kwa kusukumwa. Red oksaidi ipakwe kwenye paipu kabla shiti haijawekwa juu yake, kwa maana hapo katikati brashi haitafika tena. Na chini ya kila bawa pawe na matundu mawili ya milimita 8 ya kutoa maji. Baridi ya usiku inatoa jasho ndani ya paipu, maji yanashuka, na paipu ya chini inaoza kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta.

Siku ya kutundika, fremu isimamishwe kwa timazi na pima maji, kona kwa kona ipimwe tena, ishikiliwe kwa nukta chache kwanza, mabawa yawekwe, yajaribiwe, ndipo ichomelewe moja kwa moja. Nafasi: milimita 5 upande wa bawaba, 8 katikati ya mabawa, 10 chini. Acha bawa katikati ya mwendo. Likitembea lenyewe, fremu haijasimama wima.

Kizingiti kiteremke kuelekea nje kwa sentimita 2 kila mita. Pale Tukuyu, ambako mvua haichoki, ongeza mfereji wenye wavu mbele ya mlango. Hiyo ni saruji mfuko mmoja hadi miwili zaidi na mabaki ya nondo.

Usizibe gereji kama sanduku. Acha matundu ya hewa juu na chini, ya kutoa jasho la chuma na moshi. Asubuhi za Julai watu hupenda kuwasha gari likiwa ndani ili lipate moto, na moshi wake una gesi isiyo na harufu inayoua. Jiko la mkaa la mlinzi ni hivyohivyo.

Kama unaweka mota

Mota inahitaji laini yake kutoka kwenye bodi kuu: waya wa milimita za mraba 2.5, swichi ya kujikata yenyewe, erthi ya kweli, na kinga ya radi, maana nyanda hizi radi zinapiga sana toka Novemba. Nunua yenye betri ya akiba. Na kama gereji haina mlango mwingine wa kuingilia, lazima kuwe na funguo ya kuachilia mota kutoka nje. Bila hiyo, umeme ukikatika na betri ikaisha, gari liko ndani nawe uko nje.

Umeme wenyewe si mwingi. Mota ya wati 300 ikitembea sekunde 20 mara nane kwa siku haifiki hata nusu uniti kwa mwezi. Ikisubiri tu na wati 5, inakula uniti 3.6. Jicho la usalama, linalozuia mlango usimshukie aliye njiani, liwekwe sentimita 15 kutoka sakafuni, usawa wa mtoto anayetambaa.

Kwa mlango wa paneli, siku ya makabidhiano achilia mota, inua mlango kwa mkono hadi nusu, uache. Ukikaa hapo, springi zimewiana na uzito. Ukishuka au ukipaa, mota itafanya kazi isiyo yake na itakufa mapema. Springi usiziguse mwenyewe, na fundi anayezikaza kwa bisibisi badala ya fimbo zake mwondoe eneo la kazi; zina nguvu ya kuvunja mkono.

Akiba na matunzo

Juu ya jumla yote weka asilimia 10 kwa ukuta mpya, na asilimia 15 hadi 20 kwa ukuta wa zamani, kwa kuwa hujui plasta imeficha nini. Kila mwaka tenga hela ya grisi, robo lita ya rangi ya kuziba mikwaruzo, na fundi wa nusu siku. Fanya hivyo Oktoba: safisha matundu ya chini ya mabawa kwa waya, paka grisi bawaba na makomeo, kaza kinacholegea, futa kutu kwa msasa na upake red oksaidi kabla mvua za Novemba hazijafika.